Baroneti wa Doddington: ndiye aliyemuua Earl wa Erroll pale Karen, Nairobi, mwaka 1941, au tunamsingizia marehemu?

#1 Mchimbachumvi
Wakuu, heshima kwenu. Wiki ya tatu hii kichwa changu kimekaliwa na mtu aliyefariki mwaka 1942, nikaona nimlete hapa tumjadili.

Anaitwa Lodi Jock Delves Broughton. Mwingereza, kazaliwa 1883. Kwao ni Doddington, mkoa wa Cheshire: jumba la mawe, ziwa, na ardhi ya ukoo ekari kama 34,000. Kairithi 1914 baba yake alipofariki. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1930 sehemu kubwa ya ardhi imeshauzwa kulipa madeni ya kamari. Mwaka 1940 kaachana na mke wa kwanza, na Novemba mwaka huohuo kaoa Durban binti anayeitwa Diana Caldwell. Bwana harusi miaka 57, bibi harusi 27. Wakaja Kenya, wakapanga nyumba Karen.

Haikutimia miezi mitatu. Diana akapendana na Josslyn Hay, Earl wa Erroll, kijana mtanashati wa klabu ya Muthaiga. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941 Erroll akakutwa ndani ya gari lake aina ya Buick njia panda ya Karen, risasi ya kichwa karibu na sikio. Broughton akashtakiwa, akashinda kesi tarehe 1 Julai. Mwaka uliofuata akarudi kwao, akafia Liverpool.

Mimi nasema ni yeye. Anayebisha alete hoja.

#2 Kalamu ya Korti
Uzi mzuri mkuu, ila tuanze na sahihisho. Si Lodi. Broughton alikuwa baroneti, na baroneti si lodi.

Cheo hicho kilianzishwa na Mfalme James I mwaka 1611 akiwa na shida ya fedha. Aliyekitaka alilipa pauni 1,095, hesabu ya kuwalipa askari 30 kwa miaka mitatu kule Ulster. Anaitwa Sir, mkewe anaitwa Lady, na cheo kinarithiwa na mtoto wa kiume, lakini hakimpi kiti kwenye Bunge la Malodi. Kina Broughton walikipata 1661, zama za Charles II. Huyu Jock alikuwa wa 11. Erroll ndiye aliyekuwa lodi kamili, Earl wa 22, ukoo wa Kiskoti.

#3 Dogo wa Mbezi
Kwa hiyo Waingereza walikuwa wanauza vyeo kwa risiti kabisa? 😂 Na sisi tukipewa uenyekiti wa kitongoji kwa kilo ya sukari tunasemwa.

#4 Mchimbachumvi
Nashukuru #2, nimesahihishika. Sir Jock, si Lodi Jock.

Sababu zangu hizi. Siku tatu kabla ya mauaji, tarehe 21, alitoa taarifa polisi kwamba nyumbani kwake zimeibwa bastola mbili, kasha la sigara na hela kidogo. Mwizi gani anaingia nyumba ya tajiri anaondoka na bastola na vijisenti? Tarehe 23 usiku wakala chakula pamoja Muthaiga, Broughton akanyanyua glasi akawatakia heri Diana na Erroll mbele za watu. Akamwomba Erroll amrudishe Diana nyumbani kabla ya saa tisa usiku. Erroll akamrudisha, akaondoka, akauawa kilomita chache kutoka pale. Asubuhi Broughton kawasha moto kwenye shimo la taka, na polisi wakakuta humo soksi iliyoungua yenye damu.

Haya, huyo si mtu aliyepanga?

#5 Afande Mstaafu
Nimetumikia jeshi la polisi miaka 31, kumi na miwili kati ya hiyo upelelezi. Kila ulichotaja hapo ni cha kumtilia mtu shaka, hakuna cha kumfunga.

Kesi hii ilivunjwa na risasi. Mtutu wa bastola ndani una mifereji inayozunguka ili risasi itoke ikijipinda. Risasi ikipita inachorwa, na mchoro huo ndio tunaousoma. Bastola mbili alizosema zimeibwa ni Colt. Mtutu wa Colt una mifereji sita inayozungukia kushoto. Risasi zilizomuua Erroll zilikuwa na alama za mifereji mitano inayozungukia kulia. Hakuna mjadala hapo, Colt haiwezi kuchora hivyo.

Upande wa mashtaka ulikuwa na risasi nyingine zilizookotwa shamba moja la Nanyuki ambako Broughton aliwahi kufanya mazoezi ya kulenga shabaha, wakasema zinafanana na zile za maiti. Sawa, tuseme zinafanana. Basi zilitoka kwenye bastola ya tatu, na hiyo ya tatu haijaonekana hadi leo. Wakili wake Harry Morris, aliyetolewa Johannesburg kwa pauni 5,000, alikaa hapo hapo hakubanduka. Ningekuwa mimi mpelelezi ningelia.

#6 Nyanya Kiambu
Afande umenena. Mimi nataka tuongeze hesabu ya muda, maana watu huiruka.

Usiku ule nyumbani Karen alikuwepo mgeni, Bi June Carberry. Yeye na Broughton walirudi mapema kutoka klabu, mzee akiwa amelewa na amechoka. Kama saa nane usiku akabisha mlango wa June kumuuliza kama yuko salama. Erroll na Diana wakafika saa nane na nusu kasoro hivi, wakaongea kidogo, gari likaondoka. Gari likakutwa karibu saa tisa. Saa tisa na nusu Broughton akabisha tena mlango wa June na swali lilelile.

Sasa huyu mtu alikuwa akiburuta mguu tangu ajali ya gari wakati wa vita vya kwanza. Ashuke kwa siri, aingie kwenye gari au asubiri njiani, aue, arudi kwa miguu gizani, abadilishe nguo, akabishe mlango. Karen ya 1941 ilikuwa pori. Mwenye miguu mizima angetweta.

#7 Mchimbachumvi
Lakini Nyanya, kwa nini mtu abishe mlango wa mgeni mara mbili usiku mmoja? Mimi naona alikuwa anatengeneza ushahidi. Ya kwanza aonekane yupo, ya pili aonekane amerudi.

#8 Nyanya Kiambu
Au alikuwa mzee mlevi asiyepata usingizi, mkewe yuko nje na mwanamume mwingine. Nimeishi na mume mgonjwa wa usingizi miaka mingi. Alikuwa akizunguka nyumba kucha akifungua milango, kwa watoto mara mbili, kwa wageni mara mbili. Hakuna aliyemshtaki.

#9 Bint Pangani
Mbona mnamzungumzia mzee tu? Orodha ya waliokuwa na sababu ni ndefu. Alice de Janzé, Mmarekani, alikuwa mpenzi wa Erroll tangu miaka ya 20. Huyu mama mwaka 1927 alimpiga risasi mpenzi wake mwingine, Raymund de Trafford, stesheni ya treni Paris, kisha akajipiga yeye, wote wakapona, na baadaye wakaoana! Erroll alipokufa alikwenda mochwari kumuaga. Septemba mwaka huohuo 1941 akajiua. Mkono wake ulishawahi kushika bastola kwa ajili ya mapenzi, wa Broughton haujawahi.

#10 Kifaru Mweupe
Mnazunguka. Hii ilikuwa kazi ya serikali. Erroll mwaka 1934 alijiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza. Mwaka 1941 ni vita, Waitaliano wako Abyssinia (Ethiopia), na huyu ndiye katibu wa mambo ya kijeshi Kenya, anajua askari wako wapi. Mnadhani London ingemwacha? Yupo mwandishi aliyetoa kitabu mwaka 2000 kwa hoja hiyo hiyo.

#11 Kalamu ya Korti
#10, kuwa na kitabu si kuwa na ushahidi. Erroll alishajitoa kwa mafashisti miaka kadhaa kabla ya vita, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyompa ule ukatibu. Wakimshuku, wangemhamisha au kumweka kizuizini kama walivyomweka kizuizini kiongozi wa chama chenyewe kule Uingereza. Kwa nini wamuue njia panda na kuacha taa za gari zinawaka?

#12 Kifaru Mweupe
Ili ionekane ni wivu wa mapenzi. Na miaka themanini baadaye bado mnaamini ni wivu wa mapenzi 🙂

#13 Mama Junior Crewe
Jamani nimeukuta uzi huu usiku nikiwa zamu. Mimi niko Crewe, ni muuguzi, na Doddington iko jirani tu, barabara ya kwenda Nantwich. Nimepita pale mara nyingi.

Kilichonigusa ni ukimya. Jumba lipo, lilijengwa na Samuel Wyatt kuanzia 1777, la mawe ya rangi ya mchanga, linatazama ziwa. Bustani ilipangwa na Capability Brown. Karibu yake kuna mnara wa kale wa ukoo wa Delves, waliokuwepo pale karne nyingi kabla ya kina Broughton. Broughton mmoja akamwoa mrithi wa Delves, ndipo majina yakaungana. Jumba liligeuzwa shule ya wasichana hadi 1985, baada ya hapo likabaki tupu. Familia yenyewe ilikuwa ikiishi nyumba ndogo ndani ya shamba lao. Hebu fikiria: unaamka kila asubuhi unaona kwa dirisha nyumba ya babu zako ambayo huwezi kuikalia.

#14 Dogo wa Mbezi
Dada Crewe hii imenichoma. Kwetu Moshi babu aliuza kihamba nusu kwa ajili ya bao na pombe. Mpaka leo tukienda Krismasi tunapita mbele ya migomba yetu inayovunwa na mtu mwingine. Baba hageuzi shingo, anaangalia mbele tu mpaka tupite.

#15 Kahawa Chungu
Dogo, kwa mila zetu kihamba hakiuzwi nje ya ukoo. Babu yako alimuuzia nani?

#16 Dogo wa Mbezi
Binamu yake. Ndiyo inauma zaidi.

#17 Mama Junior Crewe
Basi sikilizeni ya watoto wa Sir Jock, maana mtoa mada hakuyagusa. Mke wa kwanza, Vera, walioana 1913, wakapata watoto wawili: Evelyn na Rosamond. Vera hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Alisafiri bahari za mbali na Lord Moyne wa ukoo wa Guinness kwenye meli yake, akipiga picha na kuvua samaki wakubwa. Rosamond aliolewa 1938 na Lord Lovat, yule kamanda aliyeshuka ufukweni Normandy 1944 huku mpiga zumari wake akimpigia.

Evelyn akawa baroneti wa 12. Mwanawe wa kiume, mrithi pekee, alizama kwenye bwawa pale Doddington mwaka 1964 akiwa na miaka miwili. Dada yake Isabella alikuwa na miaka mitano na alikuwepo. Isabella huyo ndiye Isabella Blow wa mitindo, aliyemwibua Alexander McQueen na kofia za Philip Treacy. Baba yao alipofariki 1993 alimwachia binti huyo pauni 5,000 tu. Cheo kikaenda kwa ndugu wa mbali wa kiume. Isabella alifariki 2007, kwa mkono wake mwenyewe kama babu yake.

#18 Bint Pangani
Subhanallah. Mimi Isabella Blow nilikuwa namjua kwa zile kofia, sikujua ni mjukuu wa kesi ya Karen.

#19 Sheha wa Zamani
Hii ni damu inawalilia. Mtu akimwaga damu, wajukuu hulipa. Erroll kauawa, aliyeua kajiua, kitukuu kazama, mjukuu kajiua.

#20 Nyanya Kiambu
Sheha, taratibu. Aliyezama si kitukuu, ni mjukuu. Na ukisema damu unamhukumu mtu ambaye mahakama ilimwachia. Mtoto wa miaka miwili hakulipa deni la mtu, alizama kwa sababu maji yalikuwa karibu na mtu mzima hakuwa karibu. Nimezika mtoto, nisamehe, neno hilo silipendi.

#21 Sheha wa Zamani
Samahani sana mama yangu. Nimelifuta moyoni.

#22 Kahawa Chungu
Mimi naona kilichoiangusha familia ile ni sheria ya kumrithisha mwanamume tu. Evelyn alikuwa na mabinti watatu wazima, lakini cheo kikawaruka. Waulizeni wanawake wa kwetu waliofukuzwa kwenye shamba la baba, watawaeleza habari za Cheshire bila kufika Cheshire.

#23 Kalamu ya Korti
Nusu kweli. Cheo hufuata mwanamume, lakini fedha Evelyn alikuwa huru kumwachia yeyote. Zile pauni 5,000 ni uamuzi wake baba, si sheria. Na ardhi ilishaliwa na kamari ya Jock zamani.

Kwa wanaopenda mafumbo: Evelyn mwaka 1947 alimwoa binti wa Lord Delamere wa nne, wakaachana. Mwaka 1955 Delamere huyohuyo akamwoa Diana, yule mjane wa Sir Jock, ambaye katikati alishaolewa na kuachana na Gilbert Colvile wa Naivasha.

#24 Dogo wa Mbezi
Ngoja nihesabu kwa vidole. Mama wa kambo wa Evelyn kaolewa na baba mkwe wa Evelyn? Kwenye kikao cha harusi mshenga anaanzia wapi hapo? 😂

#25 Bint Pangani
Na Diana mbona mmemwachia? Yeye ndiye aliyebaki na kila kitu. Kafa 1987 akiitwa Lady Delamere, ardhi Naivasha na Soysambu. Wanaume wanne wamepita, yeye yupo. Sisemi aliua. Nasema hakuna aliyemuuliza vya kutosha.

#26 Mchimbachumvi
Bint, hilo la Diana lina mkataba ndani yake. Kabla ya ndoa Broughton alimwahidi kwamba akimpenda kijana mwingine atampa talaka na pauni 5,000 kila mwaka kwa miaka saba. Morris alilitumia kortini: mtu aliyeahidi hivyo aue kwa nini? Mimi naligeuza. Mtu aliyeuza shamba la babu zake atazitoa wapi pauni 5,000 kwa mwaka? Erroll akiwa hai ile ahadi inaiva. Erroll akifa, inakufa naye.

#27 Afande Mstaafu
Hiyo hoja ni nzuri kuliko zote ulizoleta tangu juu. Bado sina bastola.

#28 Mchimbachumvi
Afande, vipi kuhusu Juanita Carberry, binti wa kambo wa June? Alikuwa na miaka 15 wakati huo. Ukubwani alisimulia kwamba Broughton alimwambia kwa mdomo wake kuwa ndiye aliyeua.

#29 Afande Mstaafu
Nimesikia. Mtoto wa miaka 15 anakaa na siri ya mzee miongo mingi, inawezekana kabisa, na watoto walioonewa nyumbani huwa wanatunza siri za yeyote aliyewafanyia wema. Lakini aliyekiri kashafariki, shahidi mwingine hakuna. Ningeiandika kwenye jalada, nisingeipeleka kwa mwendesha mashtaka.

#30 Kahawa Chungu
Na waliomhukumu walikuwa nani? Wazee wa baraza?

#31 Kalamu ya Korti
Hapana. Mzungu Kenya ya wakati huo alikuwa na haki ya kuhukumiwa na jopo la Wazungu wenzake, na wote walikuwa wanaume. Mwafrika akishtakiwa kwa kosa lilelile hakupewa jopo, alipewa jaji na wazee wa baraza ambao maoni yao hayamfungi jaji. Jengo lilelile, milango miwili. Watumishi wa ile nyumba ya Karen walitoa ushahidi wao mbele ya jopo ambalo wao wenyewe wasingeruhusiwa kukaa ndani yake.

#32 Mkokoteni wa Limuru
Wadau nimesoma kimya tangu #1, sasa acha nami niseme. Mimi nabeba maziwa kwa pikapu, naondoka Limuru saa nane usiku kila siku. Nyote mmewataja malodi na mabaroneti, hakuna aliyewataja waliolikuta gari. Walikuwa Waafrika wawili wa gari la maziwa. Saa tisa usiku, taa zinawaka, Buick limeacha barabara limeingia shimo la moramu. Ndani mtu amejikunja chini, si kwenye kiti.

Usiku wa aina hiyo nimekutana nao mara mbili. Unaona taa kwa mbali, unafikiri gari linakuja, unapunguza mwendo, taa hazisogei. Tumbo linakaza. Ukishuka, unajua ukiguswa na damu utalala ndani. Ukipita, unajua umemwacha mtu. Mara ya pili nilishuka, nikatoa taarifa, nikakaa kituoni mpaka saa nne asubuhi maziwa yakiganda kwenye mitungi, nikiulizwa nilikuwa naenda wapi. Hao wawili walikuwa na nani wa kuwatetea mwaka 1941, pamoja na maiti ya lodi? Walisimama hata hivyo.

#33 Nyanya Kiambu
Mkokoteni, asante. Mimi Jumapili hukaa ibada St Paul's Kiambu, na kaburi la Erroll liko pale kwenye uwanja wa kanisa, kando ya mke wake Molly. Nimepita hapo miaka na miaka, sikuwahi kuwafikiria hao wa maziwa.

#34 Mchimbachumvi
Nakiri uzi umenizidi. Bado naamini ni yeye, ila Afande amenitoa kwenye asilimia mia hadi sabini. Kuna jambo moja linanisumbua: asubuhi ya mauaji Broughton alikwenda mochwari akaomba leso ya Diana iwekwe kwenye mwili wa Erroll. Aliyeua anafanya hivyo?

#35 Bint Pangani
Anafanya. Na asiyeua anafanya.

#36 Kifaru Mweupe
Mmemaliza? Narudi kwenye bastola ya tatu. Mtu binafsi hutupa bastola mtoni na siku moja mtoto anayeoga huiokota. Serikali ikitupa haiokotwi.

#37 Afande Mstaafu
Kifaru, mimi serikali nimeifanyia kazi miaka 31. Tulipoteza mafaili, magari, na mara moja tulipoteza mahabusu. Kesho nitaleta picha za mifereji ya mitutu niwaonyeshe tofauti ya kushoto na kulia, maana #7 na #26 bado wanaongea kama hawakunisoma.

#38 Mama Junior Crewe
Nimetoka zamu. Nimepita kwa njia ya Doddington makusudi. Kuna ukungu ziwani, jumba halionekani, ule mnara tu ndio unachungulia. Afande, leta hizo picha.